Kiti cha Mzee Kimegoma

Jumatatu, 2 Machi

Mvua ya kwanza. Gari linavuja mahali pamoja tu, kwenye pembe ya kioo cha mbele upande wa abiria. Nimeweka kitambaa.

Leo msimamizi wa kiwanda kipya cha uchapaji amenipigia simu. Kiwanda chetu kilipofungwa alisema atanikumbuka, na amenikumbuka. Jengo lao halijaezekwa, mashine bado zimo kwenye masanduku.

"Mvua zikiisha tunawasha," alisema. "Ukiwepo, mashine kubwa ni yako. Usipokuwepo nampa mwingine, na usije ukaninunia."

Ni mji mwingine, si wa kwenda asubuhi na kurudi jioni. Nimekubali. Sasa nina msimu mmoja wa mvua wa kumfundisha mdogo wangu kuendesha gari, na kumfundisha kumshusha baba.

Jumanne, 3 Machi

Siku ya kliniki. Baba hufanya mazoezi ya viungo kila Jumanne na Ijumaa, tangu kiharusi kilipomchukua upande wa kushoto. Gari lilinunuliwa kwa ajili hiyo. Lilikuja kutoka Japani limeshatumika, la watu wanane, jeupe. Kiti kimoja cha safu ya pili, upande wa kushoto, kina mota. Unafungua mlango wa kusukuma mpaka mwisho wake, unaweka gia kwenye P, unavuta breki ya mkono, kisha unabonyeza rimoti yenye waya. Kiti kinageuka, kinatoka nje pamoja na mtu wake, kinashuka mpaka usawa wa kigari cha magurudumu. Ukisahau hatua moja, hakisogei. Maelezo yote yamebandikwa mlangoni kwa Kijapani. Nimeyajua kwa kukosea.

Mama alivishonea viti vyote nguo za kijani kibichi wiki ileile gari lilipofika, ili visichafuke. Ameshona kama soksi, kiti chote kimo ndani.

Ukiwasha gari, mwanamke aliyemo kwenye dashibodi anasema sentensi moja kwa adabu kubwa. Hatujui anasema nini. Tunamwita Shangazi. Baba humjibu kila mara, "Marahaba."

Leo nilimpa mdogo wangu rimoti. Tangu utoto tunamwita Taratibu. Ni kinyozi, na kichwa kimoja kwake ni kazi ya asubuhi nzima. Nilimsimamia, akafanya kila kitu sawasawa. Kiti kikageuka, kikatoka nusu, kikagoma. Baba akabaki kati ya gari na ardhi, miguu hewani. Nikaichukua rimoti. Kikashuka bila neno.

"Kimezoea mkono wa dada," akasema Taratibu.

"Kina akili," akasema baba.

Ijumaa, 6 Machi

Kimegoma tena kwa Taratibu. Kwangu kimeshuka.

Jumapili, 8 Machi

Mama mdogo anahama nyumba. Godoro, makabati, kuku wawili, na yeye mwenyewe kiti cha mbele akinielekeza njia ambayo naijua. Nikiwa kwake, binamu akapiga simu kuuliza kama gari lina nafasi Jumatano. Gari la watu wanane lina ndugu wengi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Hakuna aliyeuliza kama dereva ana nafasi.

Jumanne, 10 Machi

Kimegoma kwa Taratibu, safari hii hata hakikutoka. Mtaalamu wa mazoezi alisimama barazani na kigari, akitazama saa. Baba akasema, kwa sauti ambayo hata wagonjwa wengine waliisikia, "Mpe mwenye gari lake." Taratibu akanipa.

Jumamosi, 14 Machi

Fundi wa umeme wa magari amekuja nyumbani. Ni mtu wa maneno mengi na vidole safi. Alipima betri, akasugua vichwa vyake, akafungua fyuzi moja moja na kuzitazama juani, ingawa jua lenyewe halikuwepo. Kisha akabonyeza rimoti. Kiti kikatoka, kikashuka, kikapanda, kikarudi, kama lifti ya hoteli.

"Kizima," akasema.

"Kikiwa kitupu," nikasema.

Akamwita mama akae. Kikamshusha mama, naye akakumbatia pochi yake kama yuko kwenye ndege. Akamkalisha Taratibu. Kikamshusha Taratibu. Fundi akafuta mikono.

"Basi tatizo ni mzee."

Tulicheka wote, na baba barazani akacheka kuliko sisi. "Niambieni tu kuwa nimenenepa."

Kabla ya kuondoka fundi alitaka kutoa kile kidude kinachozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto. Ati huku kwetu joto linatosha, hakina kazi. Nikamwambia gari lilikuja nacho na litakufa nacho. Akaniambia mimi ni mbishi kama gari lenyewe.

Jumatano, 18 Machi

Mvua. Nimesafisha reli ya mlango kwa mswaki, nikatia grisi. Mchanga ukikaa mle, mlango haufiki mwisho, na mlango usipofika mwisho kiti hakisogei. Nilidhani nimepata ugonjwa wenyewe.

Ijumaa, 20 Machi

Sikupata ugonjwa wenyewe.

Jumanne, 24 Machi

Somo la Taratibu, uwanja wa shule, mvua ikinyesha. Anaendesha kama anavyonyoa: anatazama kioo, anafikiri, anatazama tena. Hajakanyaga breki kwa ghafla hata mara moja. Hajagusa ukuta. Redio ya gari hili masafa yake yanaishia pale ambapo ya kwetu yanaanzia, kwa hiyo inakamata stesheni moja tu, ya kilimo. Tumesikiliza habari za minyoo ya mbuzi mpaka uwanja ukawa bwawa.

"Dada," akasema, "ukienda huko, utarudi lini?"

"Sijui."

"Sikuulizi ili usiende. Nauliza ili nijue."

Saa hiyo nilidhani anatafuta njia ya kukwepa kazi.

Jumamosi, 28 Machi

Gari halikutoka. Mimi pia sikutoka. Maji yamefika kizingiti cha lango.

Jumanne, 31 Machi

Nimeanza kumfanyia Taratibu mtihani kabla hatujatoka nyumbani. Gia? P. Breki? Juu. Mlango? Mwisho. Waya wa rimoti? Umenyooka. Anajibu yote. Tukifika, kiti kinamkataa. Leo mama alikuja nasi. Akaniambia pembeni, mkono wake begani mwangu, "Mwanangu, labda ndivyo Mungu alivyopanga. Kila chombo na mtu wake."

Nikamwambia kiti hakina habari za Mungu, kina mota na nyaya.

"Basi ziulize nyaya," akasema.

Jumapili, 5 Aprili

Kazi ya gari, nzima. Oili ya injini. Oili ya giaboksi, ambayo kwa gari hili si ile ya kila gari. Nilimsimamia muuzaji mpaka akateremsha kopo lenyewe, maana nyingine ukitia unaua giaboksi. Nimebadilisha waipa. Nimeinua mazulia, chini yamelowa, yananuka kama nguo zilizosahaulika kwenye beseni. Vitundu vya kutolea maji chini ya kioo cha mbele vilikuwa vimejaa majani. Nimevizibua kwa spoku ya baiskeli.

Baba alikuwa dirishani muda wote. Miaka yote aliendesha malori ya masafa marefu. Sasa haruhusiwi hata kukaa mbele, maana kiti chenye mota kiko nyuma.

"Unalijua gari kuliko fundi," akaniambia jioni.

Zamani sifa kama hiyo ingenifurahisha. Leo niliisikia kama mlango unaofungwa kwa nje.

Jumatano, 8 Aprili

Msimamizi amepiga. Ijumaa anawaita waendesha mashine wote wakaione mashine kubwa na kugawana zamu. "Njoo uoneshe sura," alisema. Nimemwambia Taratibu, Ijumaa kliniki ni yako, leseni ya kujifunzia inatosha. Alitikisa kichwa kukubali. Nimemwambia na baba. Baba aliuliza tu kama mvua itanyesha.

Ijumaa, 10 Aprili

Naandika nikiwa nimeketi chumbani, nguo zimelowa, sijazivua.

Basi liliondoka asubuhi na mvua. Tulikuwa tumeshapita daraja la pili simu ilipolia. Taratibu. Nyuma yake nilisikia mvua inapiga kitu kama turubai.

"Dada, kimegoma."

"Angalia gia."

"Nimeangalia."

"Mlango?"

"Umefika mwisho. Dada, yuko nje. Nusu nje. Hakirudi wala hakishuki."

"Waite watu wa kliniki wambebe."

Sauti ya baba ikaja kwa mbali, kali, sauti yake ya zamani: "Sibebwi kama gunia! Mpigie dada yako!"

"Nimempigia, mzee, ndiye huyu."

"Mwambie aje."

Niliteremka kwenye basi katikati ya njia. Nilisimama chini ya kibanda cha muuza vocha mpaka nikapata gari la kurudi. Nilimpigia msimamizi nikamwambia nina dharura ya nyumbani. Akasema, "Ya nyumbani haiishi, dada. Nakuwekea mpaka mvua ziishe, nilivyosema. Lakini sura yako leo haikuonekana."

Nilifika kliniki nimelowa mpaka kwenye soksi. Gari lilikuwa mbele ya baraza, mlango wazi. Baba alikuwa palepale hewani, nusu ndani nusu nje, blanketi limemfunika magoti. Taratibu alikuwa amesimama pembeni yake, amemshikia mwavuli kwa mikono miwili. Mwavuli wote ulikuwa juu ya baba. Maji yalikuwa yanatiririka kutoka kwenye kola ya Taratibu na kutokea kwenye mikono ya shati.

Nikachukua rimoti. Nikabonyeza. Kiti kikashuka.

Wauguzi wakapiga makofi. Mmoja akasema, "Ona! Kumbe kinamtaka mwenyewe."

Sikupiga kelele pale. Nilisubiri tufike nyumbani, nikamsubiri Taratibu ashuke, nikamwambia mbele ya mama: "Wewe hata kiti kinakukataa. Umekaa bure humu duniani, unasubiri wengine wakufanyie. Nimepoteza siku yangu kwa sababu yako."

"Ndiyo, dada," akasema. Akaenda kuanika shati.

Jumapili, 12 Aprili

Baba anakohoa.

Jumatatu, 13 Aprili

Anakohoa. Homa kidogo. Mama ananitazama kila anapopita.

Jumanne, 14 Aprili

Hatukwenda kliniki. Daktari alikuja, akasema kifua ni cha baridi tu, apumzike. Mvua haijakatika tangu juzi. Mchana kutwa nimesikia mambo matatu: bati, kikohozi, na cherehani ya mama.

Ijumaa, 17 Aprili

Homa imeshuka. Amekula. Ameniuliza, "Ile kazi yako bado ipo?"

"Mpaka mvua ziishe."

Akageuza uso dirishani. "Mwaka huu mvua ni nyingi," akasema. Nilimwona anatabasamu kidogo, nikadhani ni nafuu ya homa.

Jumanne, 21 Aprili

Kliniki. Niliendesha mimi. Nilikuwa nimechoka, nikabaki nyuma ya usukani, nikamwambia Taratibu, "Shusha wewe, kikigoma uniite." Nikainua macho kwenye kioo cha ndani kuona kama nyuma yetu kuna gari.

Kiti kilianza kugeuka. Kwenye kioo nilimwona baba kwa ubavu wa kulia, upande ambao aliyesimama mlangoni hauoni. Mkono wake wa kulia, ule mzima, uliteremka kutoka kwenye paja, ukaingia kati ya blanketi na ukingo wa kiti. Kidole gumba kikabonyeza kitambaa cha kijani. Mota ikanyamaza.

Baba akatazama juu, mawinguni, kama mtu anayepima hali ya hewa.

"Dada," akasema Taratibu, "kimegoma."

Nilishuka, nikazunguka. Nilipofika mlangoni mkono wa baba ulikuwa umerudi juu ya paja. Nikabonyeza. Kikashuka.

Mchana, gari likiwa chini ya banda na watu wamelala, niliingiza kidole palepale. Chini ya kitambaa cha mama kulikuwa na kitu kigumu, cha duara. Nikalivuta lile soksi mpaka nusu. Kitufe chekundu, ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda, na alama za Kijapani pembeni. Nikakishikilia kwa mkono mmoja, nikabonyeza rimoti kwa mwingine. Kimya. Nikakiachia. Kiti kikatembea.

Sikuhitaji mtu wa kunitafsiria. Mashine yoyote kubwa niliyowahi kuendesha ilikuwa na kitufe kama kile, cha kuisimamisha ghafla. Mama alikishonea ndani bila kujua, na baba alikipapasa siku moja kwa bahati, akanyamaza nacho.

Nililirudisha soksi.

Jumatano, 22 Aprili

Nimekwenda kwa Taratibu kazini. Mvua imemfukuzia wateja. Alikuwa anasafisha mashine ya kunyolea kwa brashi ndogo. Nikakaa kwenye kiti cha wateja.

"Mzee ana kitufe," nikasema.

Akaendelea kupiga brashi. "Ana kitufe."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Ile mara ya pili. Dada, mimi nasimama mlangoni, tunatazamana uso kwa uso. Mtu akikaza kidole, shavu linaonyesha. Kazi yangu ni vichwa vya watu."

"Ukaniacha nikutukane."

"Ungenitukana hata kwa jambo lingine." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Ningesemaje? Kwamba baba anakudanganya? Ungemgombeza. Halafu fikiri mwenyewe, mzee ana kitu gani kingine cha kukataa? Anavishwa. Anaogeshwa. Chakula mama anachagua. Nikamwona ana kitu kimoja tu anachoweza kukisimamisha. Nikasema, mwache."

"Na mimi?"

Akaiweka mashine chini.

"Hapo ndipo nilipokwama," akasema. "Nikashika mwavuli."

Tulikaa tukitazama maji yakipita mlangoni na kiatu cha mtoto kikielea. Nilimwomba radhi. Alisema geuka nikuweke sawa nywele za kisogoni, umeziacha kama za mwanajeshi aliyetoroka.

Alhamisi, 23 Aprili

Nimemwona muuza vifaa. Nimenunua koleo ya kukatia nyaya.

Ijumaa, 24 Aprili

Kliniki. Nilibonyeza mimi. Baba alikuwa na furaha, alimwitikia Shangazi mara mbili.

Jumapili, 26 Aprili

Baba alitaka kukaa ndani ya gari asikilize redio, hupenda hivyo mvua ikinyesha. Nikampandisha. Kisha nikaingia kwa mlango wa pili na begi la vifaa, nikakaa upande wake wa kulia, nikalivua soksi la kiti mpaka kitufe kikaonekana. Nilifungua skrubu za plastiki ya pembeni. Nyaya mbili, ya njano na ya kahawia.

"Unatafuta nini, mama?" Huniita mama akiwa na hofu.

"Waya."

"Waya gani?"

"Wa kitufe chako."

Mtu wa redio alikuwa anaeleza namna ya kukausha mahindi. Baba aliinua mkono wake mzima kuashiria, nikaegemea mbele nikapunguza sauti.

"Nani kakwambia?"

"Kioo."

"Kioo." Akatikisa kichwa. "Miaka yote nimeendesha kwa vioo, halafu nimesahau kioo."

Koleo ilikuwa mkononi mwangu. Aliitazama.

"Ukikata," akasema, "mimi ninabaki nini? Mzigo. Unapakiwa, unashushwa."

"Ukiendelea kubonyeza, mimi ninabaki nini?"

Alifikiri kwa uaminifu kabisa, nilimwona.

"Unabaki hapa," akasema.

Nilicheka. Sikutaka, lakini nilicheka, naye hakucheka.

"Nafasi yangu wanampa mtu mwingine, baba. Nina mikono ya mashine kubwa, na hapa natoa majani kwenye vitundu kwa spoku ya baiskeli. Umemwacha Taratibu alowe mpaka mfupa. Umejiletea kifua. Ungekufa kwa kidole chako mwenyewe."

"Najua."

"Sasa?"

"Yule ni mwanangu, ataendesha vizuri, namwona. Lakini siku atakayonishusha yeye, wewe hutakuwepo. Kila akibonyeza, mimi nasikia wewe unaondoka."

Niliziweka nyaya kwenye meno ya koleo. Hapo ndipo mkono ulipokataa, na sitasema ni huruma tu. Siku yangu ya kwanza kiwandani, kabla sijaoneshwa wino wala karatasi, nilioneshwa kitufe chekundu. Fundi mkuu alisema: mashine unaweza kuifanya lolote, kitufe hiki hukikati, hukifungi kwa waya, hukifuniki hata kwa kitambaa. Ni cha mtu anayeumia. Nimefanya kazi chini ya sheria hiyo miaka yote na sijawahi kuivunja.

Nikamweleza baba.

"Ni cha mtu anayeumia?" akauliza.

"Ndiyo."

"Basi ni changu."

Nilirudisha plastiki, nikakaza skrubu. Kisha nikachukua mkasi wa mama, nikakata tundu la duara kwenye kitambaa cha kijani, kitufe kikatokeza nje, chekundu, hata aliyesimama langoni anakiona.

"Bonyeza ukitaka," nikamwambia. "Lakini bonyeza tukikuona."

Jumatatu, 27 Aprili

Mama amelikuta tundu. "Kwa hiyo hapa palikuwa na kitu?"

"Palikuwa na kitufe."

"Nikakishonea ndani mimi mwenyewe?" Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi ya gari. Kisha akamgeukia baba. "Na wewe mzee, mbona hukusema?"

"Hukuuliza."

Ameacha kucheka. Ameleta sindano akapinda ukingo wa tundu ili lisichanike. Alipomaliza, alinitazama kwa muda. "Kumbe nilikuwa namsaidia," akasema. Sikujua kama anajutia.

Jumanne, 28 Aprili

Taratibu na rimoti, mimi barazani. Kiti kilitoka nusu. Baba akakibonyeza mbele ya watu wote. Taratibu akateremsha mkono.

"Sawa, mzee. Ukiwa tayari."

Mtaalamu wa mazoezi akatazama saa. Muuguzi aliyepiga makofi siku ile akakitazama kile kidole, akamtazama baba, akaingia ndani. Mimi sikusogea. Ilikuwa kazi ngumu kuliko ya kubadilisha oili. Baba alinitazama muda mrefu, halafu akamtazama Taratibu, halafu akatoa kidole.

Ijumaa, 8 Mei

Mvua ya asubuhi tu. Taratibu amepata leseni kamili. Amesema mtahini alisinzia njiani.

Jumanne, 12 Mei

Taratibu ameendesha, ameshusha, amepandisha. Baba alibonyeza mara moja, kidogo, kama mtu anayepiga chafya.

Alhamisi, 14 Mei

Msimamizi amepiga. Paa limekamilika. Wiki ijayo.

Ijumaa, 15 Mei

Binamu ameuliza kama gari lina nafasi Jumapili. Nimemwambia amuulize Taratibu. Taratibu amemwambia litakuwa na nafasi, lakini taratibu.

Jumanne, 19 Mei

Alfajiri nimepanga begi. Basi langu liliondokea upande wa kliniki, kwa hiyo tulikwenda pamoja, Taratibu akiendesha, mimi mbele na begi miguuni, mama nyuma pembeni ya baba. Shangazi alisema lake. Baba hakumwitikia.

Kliniki, Taratibu akafungua mlango mpaka mwisho. Mimi nilishuka na begi langu. Kiti kikageuka, kikatoka, kikafika nusu. Kidole kikashuka juu ya kile chekundu.

Kiti kikabaki hewani na baba juu yake, blanketi, viatu alivyofungwa kamba na mama. Njia ilikuwa kavu kwa mara ya kwanza tangu Machi. Nilitaka kuichukua rimoti. Kiganja changu kiliijua ilipo. Niliweka mikono yote miwili kwenye mshipi wa begi.

"Mvua imekatika?" baba akaniuliza.

"Imekatika, baba."

"Imekatika kabisa?"

"Kabisa."

Alitazama juu kuhakikisha. Mbingu zilikuwa tupu. Akainua kidole, akamwambia Taratibu, kwa hasira, "Haya, shusha! Unangoja nini?"

Ijumaa, 5 Juni

Mashine kubwa ni ndefu kuliko nyumba yetu. Ina vitufe vyekundu pande zote nne, wazi, bila kitambaa.

Taratibu alipiga Jumanne. "Dada, kimegoma," akasema, na nilisikia anacheka. "Yuko hewani. Anasema hashuki mpaka akusikie." Baba akaongea nami akiwa ananing'inia hapo: amekula nini, gari limelia wapi, Shangazi hajambo. Kisha nikasikia mota, na simu ikakatwa. Ijumaa iliyopita ilikuwa hivyohivyo. Na Jumanne ya kabla yake.

Msimamizi ameniuliza ni nani huyo anayenipigia kila mara saa za kazi. Nikamwambia ni gari la nyumbani. Akasema gari la nyumbani haliishi, nikasema najua.

Leo asubuhi karatasi zilikuwa zinakwenda vizuri, wino umekaa, sauti ya mashine imenyooka. Simu ikaanza kutetemeka mfukoni. Nilingoja kidogo. Ikaendelea.

Nikabonyeza kitufe chekundu, mashine yote ikasimama, nikapokea.